Helsinki na Tallinn, majirani walioshikana kwa boti, antena na waya

Wadau, leo nataka kuongelea kitu ambacho ukiishi Helsinki lazima utakutana nacho hata kama siasa hufuatilii, yaani namna Ufini na Estonia walivyoshikana. Nyumbani mtu akisikia Ulaya Kaskazini anawaza Sweden na Norway, Estonia hata hajui iko wapi. Iko hapo tu ng'ambo ya Ghuba ya Ufini, kama kilomita 80 kutoka Helsinki mpaka Tallinn, boti inachukua masaa mawili hivi. Mtu wa Dar afikirie Unguja, umbali unakaribiana na muda pia unakaribiana, ila huku ukishuka uko nchi nyingine yenye rais wake, jeshi lake na lugha yake, afu kwa kawaida hakuna dirisha la uhamiaji la kupanga foleni kwa sababu zote mbili ziko Schengen, ule ukanda wa Ulaya usio na ukaguzi wa mipakani.

Mi nafanya usafi wa saiti za ujenzi, nyumba ikiisha sisi ndo tunaingia kutoa vumbi na matone ya rangi kabla wenyewe hawajahamia. Kwenye saiti hizo mafundi wengi ni Waestonia, wa mabomba, wa vigae, wapaka rangi. Estonia iliingia EU (Umoja wa Ulaya) mwaka 2004, Ufini ikawawekea kizuizi cha kazi mpaka tarehe 1 Mei 2006 ndo ikafungua, na toka hapo ni watu kwenda na kurudi. Ijumaa mchana ukiwa karibu na bandari ya magharibi unawaona na mabegi yao ya mgongoni wanawahi boti, familia ziko upande wa pili. Kuna mmoja tuko naye saiti moja aliniambia mtoto wake alianza kutembea yeye akiwa huku, mama mtoto akamtumia video, akaiangalia wakati wa mapumziko ya kahawa mbele za watu. Nilimuelewa vizuri sana maana wangu wako Morogoro na mama yao. Ila yeye Ijumaa anavuka anaenda kuwaona, na hilo ni jambo kubwa sana jamani, hesabu za biashara za nchi na nchi haziwezi kukuonyesha.

Sasa kilichonifanya nianze kusoma historia yao ni mzee mmoja wa Tallinn niliyemkuta anaongea Kifini safi kabisa na hajawahi kuishi Ufini. Nikamuuliza umejifunzia wapi, akasema kwenye tivii! Kumbe wakati Estonia iko chini ya Wasovieti, watu wa kaskazini mwa nchi walikuwa wanaelekeza antena zao Ufini wanapata picha, basi wanaona habari ambazo kwao hazisemwi, wanaona tamthilia za Kimarekani, wanaona matangazo ya biashara yenye nyama na matunda ya kila aina, na kwa vile lugha zenyewe ni ndugu watu wakajifunza Kifini wakiwa sebuleni. Serikali ya Moscow haikupenda lakini utazuiaje mawimbi ya hewani.

Na la wimbo wa taifa ndo lilinigusa zaidi. Nchi hizi mbili zinatumia tuni ileile, aliyeitunga ni Fredrik Pacius, mzaliwa wa Hamburg aliyehamia Helsinki (sisi na Wazambia tunajua ilivyo kugawana tuni ya wimbo wa taifa). Wasovieti waliupiga marufuku ule wa Estonia, ukiuimba unajitafutia matatizo. Lakini redio ya Ufini ikifunga matangazo usiku ilikuwa inapiga wimbo wa Ufini, kwa hiyo Muestonia amekaa jikoni kwake anasikia tuni ya taifa lake inatoka nchi ya jirani na hakuna polisi wa kumkamata kwa kusikiliza. Miaka yote ile. Hebu fikiria.

Kidiplomasia Wafini walikuwa wanatembea kwa uangalifu mkubwa, wana mpaka mrefu na Mrusi na wameshapigana naye. Ila rais wao Urho Kekkonen mwaka 1964 alienda Estonia, akafika mpaka chuo kikuu cha Tartu na akahutubia kwa Kiestonia. Mwaka uliofuata, 1965, boti ya Helsinki na Tallinn ikaanza tena baada ya kukatika toka enzi za vita. Watalii Wafini wakawa wengi mpaka ikajengwa Hoteli Viru pale Tallinn, ikafunguliwa 1972 na waliojenga ni kampuni ya Kifini, huku ghorofa ya juu kabisa ya 23 KGB, majasusi wa Kisovieti, wameweka mitambo yao ya kusikiliza wageni. Leo ile ghorofa ni makumbusho, nendeni mkaione.

Kwa hiyo 1991 mwezi wa nane Estonia iliporudisha uhuru wake, Ufini haikuhitaji kuitambua upya kama nchi mpya, ilisema tulishawatambua toka 1920, tunarudisha tu uhusiano. Mi naamini bila boti ile na antena zile, mambo yasingekwenda haraka namna ile, watu walikuwa tayari wanafahamiana kwa majina.

Biashara nitaigusa tu. Kila mtu anajua Wafini walivyokuwa wakienda Tallinn kubeba makreti ya bia, maana Ufini pombe kali unauziwa kwenye maduka ya serikali ya Alko na kodi yake iko juu. Ilifika hatua Estonia ikipandisha kodi ya pombe inapoteza wateja, mwaka 2019 ikaishusha kwa asilimia 25. Siku hizi bei za Tallinn zimepanda sana, sioni tena sababu ya kwenda kule kwa ajili ya shopping.

Kitu ninachotamani kwetu ni huu mfumo wa kupeana taarifa. Estonia ilitengeneza mfumo unaoitwa X-Road mwaka 2001, unaunganisha kanzidata za serikali, Ufini ikauchukua, na mwaka 2017 wakaanzisha taasisi moja ya pamoja ya kuutunza. Toka Januari 2019 daktari wa Ufini akikuandikia dawa kwenye kompyuta unaweza kuichukua duka la dawa Estonia, walikuwa wa kwanza EU. Kwa yule fundi mwenye presha hilo ndo uhusiano wa kimataifa, anafika kwao Ijumaa na dawa anapata.

Afu kuna vitu vilivyolala chini ya bahari, vinavyoziunganisha nchi hizi mbili. Bomba la gesi la Balticconnector liliharibiwa na nanga Oktoba 2023, halafu siku ya Krismasi 2024 waya wa umeme wa Estlink 2 ukakatika, Ufini ikaikamata meli moja ya mafuta kwa kuishuku. Waya ulirudi kazini Juni 2025. Watu wa Unguja waliokaa gizani toka Desemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa kutoka bara ulipoharibika wanaelewa uchungu wake. Tofauti Estonia taa hazikuzima, kulikuwa na waya wa kwanza, Estlink 1, bado unafanya kazi, na mwezi wa pili 2025 nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) zikajitoa kabisa kwenye gridi ya Urusi kama zilivyopanga, hazikuogopa.

Kwa mliopo huku na hamjawahi kuvuka, bebeni paspoti na kadi ya kibali hata kama hamtaulizwa. Kibali cha Ufini kinakuruhusu kutembea Estonia siku 90 ndani ya siku 180, kuajiriwa kule hapana, inabidi uombe kwao upya. Hapo naumia kidogo, Muestonia anashuka boti asubuhi anaingia kazini, sisi mlango ule haujatufungukia. Ukishakaa miaka mitano mfululizo ulizia kibali cha mkazi wa muda mrefu wa EU, maombi kule bado utafanya ila njia inakuwa nyepesi, msikimbilie tu kile cha kudumu cha kawaida kabla hamjalinganisha.