Ramani ya Mtaa Ilipopanda Ukutani Tandale

Ramani ya Tandale, kata ya Dar es Salaam, ilikuwapo kwenye intaneti tangu 2011, mwaka ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wenyewe waliizunguka kata na vifaa vya GPS, kichochoro kwa kichochoro, wakaiingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za maeneo yanayofurika, droni zikarushwa juu ya jiji na mabati yakaonekana moja moja. Kwa hiyo mwaka 2017, masika yalipokatika na sisi wachache tukakubaliana kuchora kipande cha mtaa ukutani, data haikuwa tatizo. Walioiona ndio walikuwa wachache. Mtu ambaye maji ya mfereji yanamwingilia chumbani hafungui kompyuta kutafuta nyumba yake. Anakokwenda ni ofisi ya serikali ya mtaa, kufuata barua ya utambulisho. Tukamwomba mwenyekiti ukuta wa ofisi hiyo, upande wa njia.

Kipande chenyewe kilikuwa mita 400 kwa 280, upande unaoteremkia Mto Ng'ombe. Tulikichapa kwa skeli ya 1:1000, kikajaa karatasi ya A3: sentimita 40 kwa 28. Karatasi tukaipiga miraba ya sentimita 4, kumi kwenda na saba kushuka. Ukutani kila mraba ukawa wa sentimita 40, ramani nzima mita 4 kwa 2.8, yaani sentimita moja ya ukuta ni mita moja ya mtaa. Mtu akitandaza shibiri anajua amepima zaidi kidogo ya mita 20, umbali wa kutoka kwake hadi kwa jirani wa tatu, na hahitaji kuelezwa skeli ni nini.

Kuna waliotaka projekta. Projekta inafaa ukiwa na giza, umeme usiokatika, na nafasi ya kurudi nyuma mita kadhaa. Kichochoro chetu kilikuwa na mita mbili na nusu, na projekta ikimulika kwa pembeni upande mmoja wa picha unavimba, nyumba za kushoto zinakuwa kubwa kuliko za kulia. Miraba ni kazi ya polepole, lakini ina faida moja kubwa: watu ishirini wanaweza kuchora kwa wakati mmoja, kila mmoja na mraba wake. Kwenye projekta anachora aliyesimama karibu, wengine wanatazama.

Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa miaka iliyopita. Ukipaka rangi juu ya chokaa inayotoa unga, rangi inashika unga, haishiki ukuta, na mvua ya kwanza inaibandua vipande vipande. Tuliukwangua kwa brashi ya waya, tukaupiga msasa, tukaupangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha tukapaka mkono wa kwanza wa rangi ya maji iliyozimuliwa ili iingie ndani. Mkono wa pili ulikuwa mzito. Kopo la lita 4 lilitosha mikono yote miwili na likabaki. Rangi ya mafuta tuliikataa ingawa inang'aa: kuta za Tandale hunyonya maji kutoka ardhini, na rangi ya mafuta inayafungia ndani mpaka inavimba malengelenge. Kwa sababu hiyohiyo ramani ilianzia sentimita 60 juu ya ardhi. Chini ya hapo chumvi inayopanda na maji hayo hula kila kitu. Miraba ya juu kabisa ilichorwa na vijana waliosimama kwenye meza ya ofisi.

Mistari ya miraba ilipigwa kwa kamba ya fundi yenye chaki. Nyumba kijivu, njia nyeupe, mfereji unaopitisha maji buluu, mfereji ulioziba nyekundu. Mfereji wenye upana wa sentimita 60 ungekuwa milimita 6 tu ukutani, mwembamba mno kuonekana vizuri kwa mbali, basi tukauchora kwa brashi ya sentimita 3 na tukaandika pembeni kwamba upana wake umezidishwa.

Mchana wa siku ya kwanza mzee mmoja alisimama mbele ya mraba wa nne, akatazama kwa muda, akasema, "Wanangu, mfereji huu mmeupitisha chumbani kwangu."

Alikuwa na haki. Nyumba zilikuwa zimechorwa kutoka picha za droni, nazo zilikaa mahali pake. Mifereji ilikuwa imepimwa na watu waliotembea na simu, na GPS ya simu katikati ya mabati yanayokaribia kugusana hukosea mita 5 bila shida, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanadunda kwenye mabati na kuta kabla ya kufika. Kwenye kompyuta mita 5 hazimuumizi mtu. Ukutani ni sentimita 5, na ndani ya sentimita 5 kuna kitanda cha mtu. Droni nayo isingeweza kutuokoa, maana mapaa yamefunika nusu ya mifereji.

Tukaacha kuchora. Tulichukua tepu ya mita 30 tukaenda kupima mfereji upya, kila kona yake kutoka pembe mbili za nyumba zilizomo kwenye ramani. Ukijua umbali kutoka pembe mbili, na nukta iko upande gani, unajua ilipo, na tepu haijali mabati. Watoto walishika mwisho wa tepu, mjumbe akaita namba, mama mmoja akaandika. Tuligundua pia mfereji uliokuwa umeandikwa kuwa uko wazi ambao mwenye nyumba alikwisha kuujengea jiko juu. Hilo lilizua maneno ambayo hayakuwa ya ramani, mjumbe akayamaliza mwenyewe.

Kazi ya pili ilikuwa alama za mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Tulitaka kila nyumba itakayokubali iwe na mstari wa buluu nje, kwenye kimo halisi cha maji, na maneno MAJI YALIFIKA HAPA. Stensili, yaani kiolezo chenye herufi zilizotobolewa, tulikata kwenye filamu kuukuu za eksirei, ambazo hazilegei kwa unyevu kama manila. Herufi A lazima iachiwe daraja, kipande chembamba cha kuishikilia, la sivyo tumbo lake linadondoka. Rangi tuligusisha kwa sponji karibu kavu. Ikiwa na maji mengi inapenya chini ya stensili na maandishi yanavuja.

Kimo kilileta ubishi. Huyu anasema kiunoni, jirani yake anasema kifuani. Fundi mmoja wa mtaani alileta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukajazwa maji, ncha moja kwa huyu na nyingine kwa yule. Maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja, mradi kusiwe na mapovu. Kiuno cha nyumba iliyo juu kikaangukia karibu na kifua cha nyumba iliyo chini, ubishi ukaisha. Pale alama zilipopishana kwa nusu mita, mmoja alikuwa anakumbuka mafuriko mengine. Hapo hatukupaka kitu.

Wapangaji walikubali haraka. Wenye nyumba wengi walikataa, na sababu yao ilikuwa ya maana: nani atapanga chumba chenye mstari wa maji juu ya dirisha? Hatukulazimisha, na ukutani hatukuonyesha nyumba ipi ilikataa. Vimo vilibaki kwenye daftari la ofisi bila majina. OpenStreetMap tuliirudishia mifereji iliyosahihishwa tu, kwa kuwa pale huingizwa kinachoweza kuthibitishwa leo mtu akifika. Mafuriko ya zamani hayana nafasi.

Mwenyekiti alipiga picha ukuta akaenda nayo kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Vipande viwili vyekundu wakazi waliwahi kuvizibua wenyewe kwa koleo kabla ya vuli, vikapakwa buluu. Cha tatu ni kalavati iliyojaa mchanga chini ya barabara, haichimbwi bila mashine, na mashine tuliahidiwa. Nyekundu hupauka upesi juani kuliko buluu, kwa hiyo kipande hicho tumekirudia mara kadhaa.