Kupanda Vittoriano mjini Roma: ninavyopanga ngazi, makumbusho na lifti ya juu

Jengo jeupe linaloziba upande mzima wa kusini wa uwanja wa Piazza Venezia huwachanganya wageni wengi. Ukilitazama kutoka chini unaona kitu kimoja kizito. Ukiingia unakuta ngazi, kaburi, makumbusho, mgahawa na lifti, na kila sehemu ina utaratibu wake. Zipo za bure na zipo za kulipia. Kuna watu wanaonunua tiketi ili wapande ngazi za mbele, ambazo hazilipiwi hata senti moja. Wengine wanapiga picha kwenye ngazi hizohizo kisha wanaondoka wakidhani wamemaliza, kumbe roshani ya juu hawakuiona kabisa.

Jina kamili ni Mnara wa Kitaifa wa Vittorio Emanuele II, kwa kifupi Vittoriano. Kwenye vibao utakuta pia Altare della Patria, yaani Madhabahu ya Taifa, ingawa jina hilo hasa ni la sehemu ya katikati tu. Vittorio Emanuele II ndiye mfalme wa kwanza wa Italia iliyoungana, mwaka 1861. Ujenzi ulianza 1885 kwa mchoro wa Giuseppe Sacconi, ukazinduliwa tarehe 4 Juni 1911 mafundi wakiwa bado kazini, na kazi za mwisho zikafungwa 1935. Ili kupata uwanja, mtaa wa zama za kati uliokuwa ubavuni mwa kilima cha Campidoglio ulibomolewa, ndiyo maana mpaka leo wapo Waroma wasiolipenda jengo hili. Marumaru yake ni ya Botticino, imetoka Brescia kule kaskazini, nyeupe kuliko mawe ya majirani zake wote. Msifu au msimsifu mbunifu, weupe huo una athari mbili kwako wewe mpandaji: jua la mchana linarudi machoni, kwa hiyo beba miwani ya jua, na mvua ikinyesha ngazi zinateleza, hasa pale katikati palipolainishwa na nyayo.

Kitu cha kwanza ninachopanga ni saa. Lifti na makumbusho hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 1:30 jioni, na anayechelewa mpaka baada ya saa 12:45 haingizwi. Sasa linganisha saa hizo na jua la Roma. Mwezi Desemba jua huzama karibu saa 10:40 alasiri, kwa hiyo machweo unayapata ukiwa juu bila wasiwasi wowote. Mwezi Juni jua huzama karibu saa 2:50 usiku, na wakati huo milango imeshafungwa zamani. Kwa kifupi, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwishoni mwa Machi panga kuwa juu jua linapozama. Katikati ya mwaka sahau machweo, lenga saa 11 jioni, joto likiwa limeanza kupungua na mwanga umelala.

Kwa nini nasisitiza alasiri na si asubuhi? Kwa sababu ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo. Iko kusini-mashariki mwa mnara, hivyo asubuhi jua linakuwa nyuma yake, na picha yako itatoka na duara jeusi lisilo na madirisha. Kuanzia saa 9 alasiri jua limeshahamia upande wa pili na kuta zinaanza kuwa za dhahabu. Basilika la Mtakatifu Petro liko magharibi, kwa hiyo mambo yanageuka: asubuhi linang'aa, jioni linabaki kivuli chenye umbo zuri. Anayetaka yote mawili katika mwanga bora itabidi achague. Mimi huichagua Colosseum, kwa sababu kuba la Mtakatifu Petro linapendeza hata likiwa kivuli.

Tarehe za kukwepa ni 25 Aprili, 2 Juni na 4 Novemba. Siku hizo za kitaifa rais huweka shada la maua kwenye kaburi la askari, na tarehe 2 Juni kuna gwaride kwenye barabara ya via dei Fori Imperiali. Barabara zinafungwa, mabasi yanageuzwa njia, na asubuhi nzima hupandi kitu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kiingilio ni bure kama kwenye makumbusho mengine ya serikali, lakini unachookoa kwenye pesa unakilipa kwenye foleni ya lifti.

Kufika si kazi. Kutoka stesheni ya Termini kuna basi namba 64 na 40, ila 64 lina sifa mbaya ya wachomozi, kwa hiyo simu isikae mfuko wa nyuma. Mimi napendelea metro mstari B hadi kituo cha Colosseo, halafu kutembea kama robo saa kwenye via dei Fori Imperiali, magofu yakiwa kushoto na kulia na mnara ukikua mbele yako. Piazza yenyewe imezungushiwa mabati kwa ajili ya ujenzi wa metro mstari C, kwa hiyo vivuko vya waenda kwa miguu vinazunguka. Fuata mabango, usikatize kati ya magari. Na wale jamaa wanaokusimamisha pale nje wakikuuzia tiketi za kupita bila foleni, wapite. Foleni ya kuingia ngazini ni ya ukaguzi wa usalama tu, na hakuna tiketi inayoiondoa.

Tiketi yenyewe ni moja inayojumlisha lifti ya roshani ya juu, Makumbusho Kuu ya Risorgimento (yaani ya kuungana kwa Italia) na kasri la Palazzo Venezia lililo ng'ambo ya barabara. Hutumika kwa siku saba, kwa hiyo huna haja ya kubanana na vyote mchana mmoja. Bei imekuwa ikipanda, hivyo tenga euro 20 kwa mtu mzima, na chenji ikirudi ni faida yako. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, wa taifa lolote, na raia wa Umoja wa Ulaya wenye miaka 18 hadi 25 hulipa euro 2 tu. Wote hao waonyeshe pasipoti au kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Mtoto mrefu asiye na karatasi anaweza kukuletea mabishano dirishani. Ninunue wapi? Mtandaoni kama ni majira ya joto. Wakati wa baridi dirisha la juu, karibu na lifti, halina fujo.

Haya, twende ngazini. Anzia mbele. Hatua za mwanzo zinakufikisha kwenye kaburi la Askari Asiyejulikana, aliyezikwa hapa tarehe 4 Novemba 1921. Wiki moja kabla, kule Aquileia, mama mmoja aliyempoteza mwanawe vitani, Maria Bergamas, aliwekwa mbele ya majeneza 11 yasiyo na majina akachagua moja; hilo ndilo lililoletwa Roma kwa treni. Askari wawili wanalinda mchana na usiku na miali ya moto haizimwi. Kwa hiyo kanuni ni za kaburini: hakuna kukaa kwenye ngazi, hakuna kula. Walinzi wana filimbi na hawaoni haya kuipuliza. Mwenye magoti mabovu ajipumzishe kabla ya kuanza, kwa sababu njiani hakuna pa kuketi. Anayetumia kiti cha magurudumu asijaribu upande wa mbele kabisa. Milango ya pembeni ndiyo yenye lifti ya ndani, na mlinzi ukimuuliza atakuelekeza.

Ukipanda zaidi unafika usawa wa sanamu ya mfalme juu ya farasi. Ni ya shaba nyeusi, ina urefu wa karibu mita 12 na uzito wa tani 50. Ukubwa wake hauingii akilini mpaka uambiwe kwamba ipo picha ya mafundi waliokaa mezani wakinywa ndani ya tumbo la farasi huyo kabla ya uzinduzi. Geuka uipe sanamu mgongo. Hapa ndipo pa kuitazama via del Corso, iliyonyooka kama kilomita moja na nusu hadi Piazza del Popolo. Usiseme nitaiona vizuri zaidi nikifika juu: lifti inakuacha upande wa nyuma wa jengo, na ule mstari wa barabara unaupata vyema kutoka ngazi hizi za bure. Kushoto kwako, ukiangalia piazza, ni Palazzo Venezia yenye rangi ya matofali. Roshani yake ndogo ndiyo ambayo Mussolini alisimama tarehe 9 Mei 1936 akaitangaza Ethiopia kuwa milki ya Italia. Msomaji wa Afrika Mashariki aitazame kidogo. Vita vilivyofuata viliwafikisha vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa hadi Addis Ababa mwaka 1941.

Jua likiwa bado kali, ndio wakati wa makumbusho. Mimi hutenga saa moja. Risorgimento ni ile harakati ya kuunganisha Italia, na maelezo mengi ya ukutani ni ya Kiitaliano, kwa hiyo ingia ukiwa na tarehe chache kichwani: 1848 mapinduzi yanaanza, 1849 Jamhuri ya Roma inaanguka, 1860 jemadari Garibaldi anatua Sicilia na watu wake kama elfu moja, 1861 ufalme unatangazwa, 20 Septemba 1870 jeshi linaingia Roma kupitia Porta Pia. Ukizijua hizo, bunduki, barua na picha za kuchora zinajipanga zenyewe. Kitu ninachokitafuta kwanza ni kiatu cha Garibaldi kutoka Aspromonte, alikopigwa risasi mguuni mwaka 1862, na aliyempiga ni jeshi la ufalme uleule aliousaidia kuzaliwa. Kiatu kimoja, tundu moja, na siasa nzima ya miaka ile imo humo.

Kwenye ubavu wa via dei Fori Imperiali kuna mlango mwingine wa Sacrario delle Bandiere, ukumbi wa bendera za vikosi vya kijeshi vilivyovunjwa. Haulipiwi. Humo kuna boti ya MAS 15, iliyozamisha manowari ya Austria-Hungaria iitwayo Szent István mwaka 1918; ukiona udogo wake utashangaa nani alikubali kupanda.

Lifti sasa. Ziko mbili, za vioo, ziliwekwa mwaka 2007 nyuma ya jengo, na unazikuta kwenye roshani ya kati yenye mgahawa. Zinabeba watu wachache kwa mkupuo, na hapo ndipo muda unapopotelea. Wanaoshuka wanatumia lifti zilezile, hivyo foleni ni mbili, ya chini na ya juu. Nikiyafuata machweo nataka niwe nimefika juu dakika 40 kabla ya jua kuzama. Wale wanaofika dakika 10 kabla huyaangalia machweo wakiwa bado mstarini. Upepo ukizidi au radi ikianza, roshani hufungwa bila mjadala. Kofia ishikwe.

Juu kabisa uko chini ya magari mawili ya shaba, kila moja likivutwa na farasi wanne. Lenye maandishi ya umoja ni la Carlo Fontana, la uhuru ni la Paolo Bartolini. Pita pande zote mbili, maana kila upande una mji wake. Upande wa mashariki unaangalia Nguzo ya Trajano, kaisari wa Roma ya kale: ukiwa chini unaona michongo inayopanda kwa kuzunguka, ukiwa hapa unaona kilele chake, na juu ya kilele si Trajano bali Mtakatifu Petro, aliyewekwa na papa mwaka 1587. Endelea kulia kwa jicho, unapata masoko ya Trajano, barabara, Colosseum mwishoni, na siku ya anga safi, milima ya Albani nyuma yake. Upande wa magharibi tafuta kuba la mraba la sinagogi karibu na mto, halafu kilima cha Gianicolo, halafu Mtakatifu Petro. Pantheon, hekalu la kale la Waroma, huwapita wengi kwa sababu wanatafuta kuba refu. Lake ni la kijivu, limelala chini kama kawa juu ya sinia, katikati ya mapaa mekundu.

Kuanzia Novemba hadi Februari, makundi ya kwezi huja kulala kwenye miti ya kando ya mto Tiber. Nusu saa kabla ya giza hucheza angani kama moshi unaohama. Kutoka juu ni burudani ya bure. Ukishuka, usipite chini ya ile miti bila mwavuli.

Kwa kamera ya simu, kuza mara mbili hadi tatu kwa Colosseum, zaidi ya hapo picha inachafuka. Ndani ya lifti bandika lenzi kwenye kioo kabisa, la sivyo utajipiga mwenyewe. Maji beba chupa yako ujaze kwenye bomba la mtaani, yale ya chuma yaitwayo nasoni. Maji yake ni ya kunywa na hayakatiki.

Palazzo Venezia mimi huiacha kwa siku nyingine ndani ya zile saba, asubuhi, miguu ikiwa mipya. Mlango wake uko via del Plebiscito 118, na tiketi uliyopandia lifti ndiyo unayoionyesha pale, kwa hiyo usiitupe.