Gitaa la dada

Juzi nilikuwa nabadilisha nyuzi, binti wa dada akaniuliza, "Mjomba, hivi hili gitaa la mama alilichagua nani?" Nikamwambia, babu wa Mikindani. Mama yake alikuwa pembeni anachambua kisamvu, akadakia: "Nililichagua mwenyewe." Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi siku ile tuliyolinunua haijanitoka kichwani tangu juzi.

Ulikuwa msimu wa korosho wa 2017, ule ambao bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mama alipopata malipo yake alitenga fungu, akamkabidhi dada: nenda kanunue gitaa, uache kuazima la kwaya. Sauti ya dada mnaijua. Ni sauti ya pili tangu utotoni, nzito, na mwisho wa mstari hupenda kushuka chini kabisa, ikawa na mkwaruzo fulani ambao mimi naupenda kuliko sauti yake yote.

Pale mjini tulizunguka. Muuzaji mmoja alitupigia gitaa kavu kwa nguvu zake zote akasema, sikieni linavyovuma. Lilivuma kweli. Dada hakuombwa hata kufungua kinywa. Ndipo mtu wa kwaya akatuelekeza kwa mzee aliyepiga dansi ujanani, tukapanda daladala, tukashuka Mikindani karibu na lile Boma la Wajerumani, tukauliza njia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Nani anayeimba?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Magitaa yake yalikuwa chumba cha ndani, mbali na upepo wa bahari, kwa kuwa mbao hunywa unyevu ikavimba na nyuzi zikapanda juu ya shingo. Hakuleta hata moja. Alimwambia dada aimbe kwanza bila chombo. Binti akiwa amelala mgongoni mwake, dada akaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, ule wa Kimakonde tuliofundishwa na bibi. Babu alifumba macho. Alipomaliza, akaomba arudie mstari wa mwisho tu, kisha akaingia ndani akatoka na magitaa mawili.

Mimi alinitoa nje. Akanisimamisha uani, nyuma ya ukuta, akasema, "Wewe kazi yako maneno. Kila mstari ukiisha, taja neno la mwisho ulilosikia. Usibahatishe."

Alianza na lile kubwa, kifua kipana, kiuno kisichobana. Umbo hilo lilianza Marekani mwaka 1916, likapewa jina la manowari ya Waingereza, na limekuwa kipenzi cha wengi kwa jinsi besi yake inavyojaa. Nilisimama pale nikisikia ukuta unanguruma. Mwanzo wa kila mstari niliupata vizuri. Mwisho wa mstari, dada akishuka, sauti yake ilizama ndani ya besi ikapotea. Babu akipaza sauti, "Neno gani?" nanyamaza. Nilikuwa nayajua maneno yote, lakini aliniambia nisibahatishe.

Kisha likaja dogo, kiuno chembamba, uso wa mahogani, vanishi imepauka pale mkono ulipokuwa ukipita. Lilikuwa na sauti kavu, ya upole, hata nikadhani babu anapiga kwa kidole kimoja. Halafu mstari ukaisha na neno likanifikia uani zima, pamoja na ule mkwaruzo. Nikalitaja. La pili nikalitaja. La tatu babu hakuuliza tena, niliwasikia ndani wanacheka, na mtoto kaamka.

Babu alinieleza baadaye, na nimeyaamini zaidi kadiri ninavyopiga. Uzi wa tatu ukiuacha wazi hutetemeka mara 196 kwa sekunde, na hapo hapo ndipo sauti ya pili inapotua ikishuka. Ukichukua gitaa lenye kifua kikubwa, ukalipiga nyuzi zote kwa nguvu, umemjazia mwimbaji chumba chake mwenyewe. Ama upunguze besi, ama ufunge kapo shingoni, kile kibanio kinachobana nyuzi zote, gitaa lipande juu na kumwachia nafasi. Kwa dada alifanya yote mawili, kapo kwenye kijisehemu cha tatu. Kinachoniuma ni kwamba mpingo wa huku kwetu, Kilwa na Nachingwea, unasafirishwa ukawe klarineti na obo Ulaya, nao ni wa jamii moja na mbao za magitaa yanayosifiwa sana, lakini kumpata mtu wa kukaa na mwimbaji saa nzima kama babu yule ilikuwa kazi.

Tulilinunua. Mengine ni ya kawaida: tukala samaki, tukarudi.

Ila sina hakika kama kanuni ya babu inamfaa kila mtu. Nimekutana na wapigaji Dar es Salaam wanaoshikilia kwamba sauti nzito ipewe gitaa zito, vitu vya aina moja viende pamoja, na wanapiga vizuri. Tena dada tangu apate gitaa lile anaimba taratibu zaidi, anashuka chini zaidi ya zamani, na hafokei kibwagizo tena. Sasa je, gitaa ndilo liliifuata sauti yake, au sauti yake ndiyo imelifuata gitaa?

Na binti huyu ni sauti ya kwanza, nyembamba na kali, anataka kurithi gitaa la mama yake. Nyuzi za juu za mahogani lile hazing'ai sana, huenda zikampoza vizuri, huenda zikamfanya asikike peke yake. Nimemwambia aimbe, mimi nitapiga, mama yake akae uani. Dada amekubali, ila ameshanionya kwamba siku ile Mikindani hakusikiliza besi wala nini: shingo ya lile kubwa ilikuwa nene, vidole vyake havikuizunguka, basi.