Bahasha ya kaki na kisanduku cha filamu: malalamiko ya Januari 2008 yaliyokuwa na mashiko

Tarehe 15 Januari 2008, katika ukumbi wa Moscone Center mjini San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alichomoa laptopu kutoka kwenye bahasha ya kaki, ile ya kupelekea nyaraka ofisini. Ndiyo ilikuwa MacBook Air ya kwanza. Siku hiyohiyo Apple walitangaza Apple TV iliyofanyiwa marekebisho, yaani kisanduku cha kuchezea filamu kwenye televisheni, na Time Capsule, ruta yenye diski ya nakala za akiba. Ukumbini watu walishangilia, lakini hisa za kampuni zilifunga siku zikiwa zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 5, na wateja waliosoma sifa za vifaa hivyo wakaanza kuhesabu vilivyokosekana.

Malalamiko yale sasa yanapimika, na kwa maoni yangu yana uzito tofauti kabisa. Waliolilia matundu ya kuchomekea waya walikuwa wanalilia mazoea yao. Waliolilia vitu ambavyo mnunuzi hawezi kuvibadilisha baadaye, yaani RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi), diski, joto na masharti ya kukodi filamu, walikuwa wameshika penyewe.

Tuanze na matundu. Air ilikuwa na uzito wa kilo 1.36, unene wa milimita 19.4 upande wa nyuma na milimita 4 kwenye ncha ya mbele. Ili wembamba huo upatikane, matundu yalibanwa matatu tu nyuma ya kifuniko kidogo kinachofunguka kwa chini upande wa kulia: USB moja, micro-DVI ya skrini ya nje, na la hedifoni. Nafasi ya kifuniko kile ilikuwa finyu, na modemu ya USB yenye mwili mnene iligota ukingoni kabla haijaingia sawasawa. Dawa yake ilikuwa waya mfupi wa kurefusha USB. Aliyetaka intaneti ya waya alinunua adapta ya dola 29, na hiyo ikalikalia tundu pekee la USB. Aliyetaka kusoma DVD alinunua SuperDrive ya nje kwa dola 99, nayo ilitaka kuchomekwa moja kwa moja kwenye Air kwa sababu ilivuta umeme mwingi kuliko habu ya kawaida (kigawanyio cha tundu la USB) inavyotoa. Kwa hiyo kusanikisha programu kutoka kwenye diski huku waya wa intaneti umechomekwa halikuwezekana.

Apple walitoa njia nyingine, Remote Disc: unaweka programu ndogo kwenye kompyuta nyingine, Mac au Windows, kisha Air inaazima kisomea-diski chake kupitia Wi-Fi. Kwa kusanikisha programu ilifaa. Filamu ya DVD haikucheza kwa njia hiyo, wala CD ya muziki. Hata hivyo, kero hii ilikufa yenyewe, maana baada ya miaka michache laptopu karibu zote ziliacha kisomea-diski na hakuna aliyeandamana.

RAM ni habari nyingine. Gigabaiti 2 zilichomelewa kwenye madabodi, na hazikuongezeka. Mwaka 2008 zilitosha, na ndiyo maana wengi waliwaona walalamikaji kama watu wa kutafuta kasoro. Lakini laptopu ya dola 1,799 mtu hanunui kwa matumizi ya mwaka mmoja. Diski nayo ilikuwa ya inchi 1.8, ya ukubwa ule uliotumika kwenye iPod, gigabaiti 80, ikizunguka mara 4,200 kwa dakika wakati laptopu nyingi za kawaida zilikuwa zimefika 5,400. Mtu akifungua programu tatu kwa pamoja, kinachosubiriwa ni diski. Prosesa haina hatia. Njia ya kukwepa ilikuwa SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyozunguka, ya gigabaiti 64 kwa nyongeza ya dola 999, na ukichukua pia prosesa ya GHz 1.8 badala ya 1.6, bei ilifika dola 3,098.

Joto ndilo halikuonekana kwenye karatasi ya sifa. Lilijitokeza mashine zilipofika majumbani. Feni ilikuwa moja, kwenye mwili usio na nafasi ya hewa. Prosesa ilipochemka, mfumo ulizima kiini kimoja kati ya viwili ili kujilinda, na video iliyokuwa inacheza vizuri ikaanza kukwamakwama. Aliyeiweka juu ya godoro au mto alilipata tatizo hili mapema zaidi, kwa sababu matundu ya hewa yalikuwa upande wa chini nyuma. Toleo la Oktoba 2008 lilikuja na chipu mpya ya picha, Nvidia 9400M, na diski yenye kiunganishi cha kasi zaidi, SATA, likapunguza sehemu ya kero hizi.

Kuhusu betri, hofu ilizidi ukweli. Kelele zilikuwa kwamba imefungiwa ndani na mteja hawezi kubeba ya akiba, na kwa msafiri wa ndege za masafa hilo lilikuwa pigo la kweli. Ila kuibadilisha hakukuwa kazi ngumu: skrubu 10 chini kwa bisibisi ndogo ya nyota namba 00, unainua kifuniko, unatoa skrubu 9 zinazoshika betri, unachomoa plagi yake. Skrubu za chini zina urefu tofauti, hivyo zipange kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Ndefu ikiingia kwenye nafasi ya fupi, inaharibu uzi wake. Apple wenyewe walitoza dola 129, ufungaji ukiwa humo.

Waliosema haiwezekani laptopu kuwa nyepesi bila kukatwa hivyo walijibiwa mwezi uliofuata. Lenovo walileta ThinkPad X300, yenye skrini ya inchi 13.3 vilevile, ikiwa na USB tatu, tundu la Ethernet, nafasi ya DVD na betri ya kuchomoa. Nayo ilikuwa ghali, lakini ilionyesha kwamba Apple walichagua, hawakulazimishwa.

Sasa Apple TV, ambayo kwangu ndiyo iliyostahili ghadhabu zaidi. Bei ilishushwa, kutoka dola 299 hadi 229 kwa ya gigabaiti 40. Wenye ya zamani walipewa programu mpya bure, ingawa ahadi ya wiki mbili ilivuka na kufika tarehe 12 Februari. Uwezo wa kukodi filamu bila kompyuta ulisifiwa kwa haki. Bei ilikuwa dola 2.99 kwa filamu za zamani na 3.99 kwa mpya, na dola moja zaidi kwa HD, yaani picha kali zaidi.

Tatizo ni saa. Ulikuwa na siku 30 za kuanza kutazama, lakini ukishabonyeza kucheza, saa 24 zinaanza kuhesabiwa. Mzazi anayeanza filamu saa tatu usiku, mtoto akaamka saa nne, kesho yake hawezi kusubiri saa tatu na nusu akimalizie kipande kilichobaki, kwa kuwa muda umeshakatika. Duka la DVD la mtaani lilimpa usiku kadhaa. Huduma ilipofika Uingereza na Kanada Juni 2008, muda ulikuwa saa 48.

Ongeza hapo kasi ya intaneti. Filamu ya saa mbili kwa wastani wa megabiti 4 kwa sekunde inakaribia gigabaiti 3.6. Kwa laini ya megabiti 1.5, ambayo nyumba nyingi za Marekani zilikuwa nayo, hiyo ni zaidi ya saa tano za kupakua, kwa hiyo kutazama papo hapo kulikuwa kwa wenye laini nene. HD yenyewe ilikuwa 720p (mistari 720 ya picha), na filamu ya HD uliyoikodi haikutoka kwenye kisanduku kwenda laptopu. Faili za DivX, aina moja ya faili za video, hazikusomwa. Tundu la zamani la waya wa njano halikuwepo. Televisheni ilitakiwa kuwa na tundu jipya zaidi, la HDMI au la component.

Time Capsule, iliyouzwa kwa dola 299 au 499, ndiyo iliyolalamikiwa kidogo kuliko zote. Baadaye nyingi zilizouzwa mwanzoni ziligoma kuwaka, kwa sababu pawa saplai ilifungiwa pamoja na diski yenye joto kwenye kisanduku kisicho na upepo wa kutosha, na Apple ikabidi watoe mpango wa kuzirekebisha zilizouzwa kati ya Februari na Juni 2008.

Mwaka 2010 Apple walitoa Air ya dola 999 yenye USB mbili, bila kile kifuniko, na hifadhi ya flashi kwa wote. RAM ilibaki imechomelewa. Apple TV mpya ya mwaka huohuo ilikuwa dola 99, bila diski ya ndani. Ile ya kwanza, hata kwa walioitunza, ilifungiwa iTunes Store kuanzia tarehe 25 Mei 2018.