Musa hakujua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Kutoka 34:29-35. Mkifika mstari wa 29 someni polepole, maana mimi nimeupita miaka mingi bila kuona kilichomo: Musa anashuka Mlima Sinai na zile mbao mbili za mawe zenye Amri Kumi mkononi, uso wake unang'aa, wala yeye hajui.

Hajui! Amekaa na BWANA siku 40, mchana na usiku, bila chakula wala maji, na bado hana habari na kilichompata. Wanaoona ni Haruni na wana wa Israeli.

Nayasema haya kwa sababu najua wengi wetu tumechoka. Unaomba mwaka wa tatu sasa uondolewe hasira, au wivu, au ulimi mwepesi, na kila usiku ukijichunguza unajiona uko palepale. Mzazi anayelala nyumba moja na mtoto haoni anavyorefuka. Shangazi aliyekuja baada ya mwaka ndiye anayeshika mdomo mlangoni.

Mwezi uliopita mwanangu aliangusha glasi. Nilipofika nilimkuta katikati ya vipande, mabega yamepanda hadi masikioni, macho ameyafumba. Alikuwa akiningoja mimi. Nikamwambia asisogeze mguu, nikachukua ufagio. Nikiwa nimeinama nasikia sauti ndogo: "Baba, hukasiriki?"

Nilinyamaza kidogo. Kweli, sikuwa nimekasirika. Wala si kwamba nilijizuia; hasira yenyewe haikuja. Iliondoka lini? Sikumbuki siku wala ombi. Ila yale mabega yaliniuma, na usiku ule nilimwomba mwanangu msamaha, kwa sababu mwili wake ulikuwa bado unamkumbuka baba wa zamani.

Musa naye alikuwa mtu wa moto. Alimuua Mmisri akamfukia mchangani. Mlima huohuo, sura mbili tu nyuma, hasira zake ziliwaka akazitupa mbao za kwanza zikavunjika. Lakini Hesabu 12:3 inasema alikuwa mpole kuliko watu wote duniani. Tafuteni mstari unaotaja siku aliyogeuka kuwa mpole, hamtaupata. Tena kazi ilikuwa haijaisha: kule Meriba, jangwani, aliambiwa aseme na mwamba utoe maji, yeye akaupiga mara mbili, akamkosea Mungu. Basi ukianguka Jumanne, usiseme hakuna kilichofanyika tangu mwanzo.

Naomba wiki hii tuache kujichungulia kila jioni. Muulize mmoja anayeishi nawe, au aliyekujua miaka mitano iliyopita, anaona nini. Akitaja jema, usimkatize kwa unyenyekevu wa haraka. Mwache amalize, kisha mshukuru Mungu kwa hilo, ukilitaja. Akitaja baya, lipeleke mlimani. Uso wa Musa uling'aa kwa sababu alikuwa akisema na BWANA, na mimi sijui njia nyingine.

Jambo moja zaidi. Mstari wa 30 unasema waliogopa kumkaribia. Mstari wa 31, Musa akawaita, nao wakarudi kwake. Mwanangu pia ilibidi nimwite. Alikuwa bado amesimama palepale, sakafu mbele yake imeshakuwa safi. Nikamnyoshea kizoleo. Akakishika kwa mikono miwili, nami nikafagia vile vilivyobaki pembeni.