Kitufe kiko chini ya skrini

Leo mchana nimeitwa duka moja la dawa pale Kongowea. Programu ya stoo waliyouziwa, wakaniambia, haina kitufe cha kuhifadhi.

Kipo. Kimezama chini ya skrini.

Aliyeiandika aliweka kimo cha chini kabisa cha dirisha kuwa pikseli 800, yaani nukta 800 za skrini. Skrini ya laptopu ya dukani ni 1366 × 768, yaani kimo chake ni 768 tu. Dirisha halikubali kupungua, wala halina pa kusogezea. Tena kila kitu kwenye skrini kimekuzwa hadi asilimia 125, kwa hiyo programu inabakiwa na kama 1093 × 614 tu.

Lakini kilichonishika ni dada wa kaunta.

Anabonyeza Tab ya kibodi, ile ya kurukia sehemu inayofuata: Tab, Tab, Tab, midomo ikihesabu kimyakimya, halafu Enter. Anahifadhi kwa kitufe ambacho hajawahi kukiona! Na foleni ya wagonjwa iko mbele yake.

Wallahi nimeumia. Dirisha lingeuliza kwanza nafasi iliyopo, fomu ikawekewa kisogezi cha kuipandisha na kuishusha, kitufe kikabaki palepale chini, huyu dada asingeteseka.

Wenzangu mnaoandika programu hapa Mombasa, mnazijaribu kwenye mashine za wateja au zenu? Skrini zao zina ukubwa gani? Niambieni.