Karanga za kiangazi Kahe: nilivyopanga maji yangu

Huku Kahe, tambarare ya chini ya Moshi, kiangazi ni msimu wa wenye zamu ya mfereji. Wengi hulima nyanya, vitunguu au mahindi mabichi. Mimi niliamua kulima karanga, aina ya Pendo, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100 hivi. Nilichagua upande wa shamba wenye kichanga, mbali na ule wenye magadi, nikapanda juu ya matuta mapema Juni, masika yakiwa yamekatika lakini udongo bado una unyevu.

Karanga huhitaji milimita 500 hadi 700 za maji kwa msimu mzima, ila hazihitaji kiasi kilekile kila wiki. Jambo hili ndilo lililoniongoza. Zamu za mfereji ni chache, na kadiri kiangazi kinavyokolea maji yanapungua. Kwa hiyo karanga zilipoota vizuri nilimwendea mzee anayegawa maji.

"Shikamoo, mzee. Naomba zamu yangu ya wiki hii aichukue jirani yangu wa nyanya, atanirudishia mwezi wa nane."

"Marahaba, binti yangu. Karanga zako si zitakauka?"

"Hazitakauka, mzee. Kwa sasa acha zitafute maji chini."

Na kweli zilitafuta. Mzizi mkuu wa karanga unaweza kushuka zaidi ya mita moja, na mche mchanga huvumilia kiu kidogo bila hasara kubwa. Nilikuwa nachimba kwa jembe kina cha kiganja, nafinyanga udongo mkononi. Ukishikana, naacha. Ukimomonyoka na majani yakawa bado yamelegea asubuhi, namwagilia. Majani kulegea saa saba mchana hakukunitisha, jua la Kahe hulegeza kila kitu.

Maua ya njano yalipoanza, mambo yakabadilika. Ua la karanga likishachavushwa hutoa kijiti chembamba, sisi tunakiita sindano, kinachoinama na kujichoma ardhini, na ncha yake ndiyo inayokuwa ganda. Tuta likiwa limekauka juu na kufanya ukoko, sindano haipenyi. Tena ganda lenyewe hunyonya chokaa moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, na bila unyevu chokaa haifiki, ndiyo maana unakuta maganda makubwa yasiyo na kitu ndani. Hapo ndipo nilipozidai zamu zangu zote, hata za usiku wa manane na tochi. Niliingiza maji taratibu kati ya matuta yalowe kwa pembeni, bila kuyafunika, kwa sababu maji yakituama maganda huoza. Palizi ya jembe nilikuwa nimeimaliza kabla ya hapo, baadaye nikang'oa magugu kwa mkono tu, sindano zisivurugwe.

Punje zilipokuwa zinajaa sikuthubutu kuacha udongo ukauke. Ukame na joto la mwishoni huikaribisha sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga, na sumukuvu siichukulii kijuujuu: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwenye mahindi. Mtu anayelima chakula cha watoto wa wenzake lazima alifikirie hilo.

Kujua wakati wa kufunga maji, nilikuwa nang'oa mashina machache sehemu tofauti na kupasua maganda. Ndani yakiwa meupe, bado. Mengi yalipoonyesha madoa ya kahawia nilisimamisha maji, nikarudisha kidogo tu kabla ya kung'oa, udongo ulainike maganda yasibaki chini.

Niligeuza mashina juu chini, maganda yapate upepo, kisha nikazianika karanga kwenye turubai. Zilizopasuka, zilizosinyaa na zenye ukungu nilizichambua zote nikazifukia. Hata kuku sikuwapa, maana sumukuvu huwadhuru na wao.